Mgeni Asiyekaa

"Mbona hukai?"

Bibi aliniuliza hivyo huku akikifuta kigoda kwa pindo la kanga yake, ingawa hakikuwa na vumbi. Haikuwa mara yangu ya kwanza kufika kwake. Kila nilipofika alinitolea kigoda hicho hicho, na kila mara nilibaki nimesimama karibu na mlango, kofia ya pikipiki kwapani, nikihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Nilikuwa na shahada. Nilikuwa na mdomo ambao baba yangu alisema ungenifaa zaidi mahakamani. Siku ile ulitoa uongo tu.

"Nimekaa sana njiani, bibi," nikasema. "Acha ninyooshe miguu."

Akaitazama miguu yangu, kisha akakirudisha kigoda ndani.

Ningemwambiaje? Mwanamke ambaye hata shikamoo nilimpa nusu nimeinama, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mwenye rozari shingoni. Nimwambie kwamba mimi, afisa aliyetumwa kutoka mjini, nina bawasiri?

Neno lenyewe nililisoma tangu utotoni kwenye mabango ya waganga, limebanwa katikati ya kisukari na nguvu za kiume. Nilidhani ni ugonjwa wa wazee. Halafu mwaka wangu wa mwisho chuoni, mjini Morogoro, nikaona damu kwenye kigae cheupe cha choo cha hosteli. Damu nyekundu, mbichi, kama ya mtu aliyejikata kidole. Kwanza nikadhani ni siku zangu zimewahi. Nikahesabu. Hazikuwa zimewahi.

Nikafanya ninachofanya siku zote, nikasoma. Nilisoma kwenye simu, kwenye maktaba, nikasoma maoni ya watu nisiowajua waliokuwa wakibishana kuhusu kitunguu saumu. Nilijua sababu zote na zote zilikuwa zangu. Kukaa kutwa nzima kwenye kiti cha mbao. Chipsi mchana, ugali wa sembe usiku, maji kidogo. Kwenda chooni na simu na kusahau kutoka. Nilisoma kila kitu na sikwenda popote.

Badala yake nilikwenda duka la dawa. Binti aliyekuwa nyuma ya kaunta aliniuliza kwa sauti ambayo hata wauza nyanya wa nje waliisikia, "Ya kwako au ya mgonjwa mwingine?"

"Ya shangazi."

Shangazi yangu yuko Tabora na hana habari, lakini ameugua mengi kwa niaba yangu. Aliugua tyubu za kupaka, akaugua vidonge vya kuweka nyuma vilivyoyeyuka ndani ya mkoba kwa joto kabla sijafika nyumbani. Baadaye, nikiwa nimepanga chumba Mafiga, aliugua pia unga mweusi wa bwana mmoja aliyekuwa akipita na kipaza sauti, akitangaza kwamba dawa yake inatibu bawasiri ya ndani, ya nje na ya kurithi.

"Ni mti gani huu?" nilimuuliza.

"Dada, ni mti wa milimani."

"Milimani kuna miti mingi. Huu ni upi?"

"Wewe unataka kupona au unataka kufanya mtihani?"

Nilimcheka, nikanunua. Niliunywa kwenye uji, nikaharisha mpaka nikalia, na palipokuwa na kidonda pakawa kama pamepakwa pilipili. Huko ndiko kulikuwa kuhoji kwangu. Nilimbana kila muuzaji kwa maswali, kisha nikameza alichoniuzia.

Kitu pekee kilichonisaidia kilikuwa beseni. Maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo, unakalia mpaka maji yapoe. Tatizo ni kwamba nyumba yetu ilikuwa ya wapangaji wengi na bafu moja. Jirani yangu wa chumba cha pembeni, mama wa maandazi, alinivumilia kwa muda, halafu akashindwa.

"Jirani, hilo beseni lako halifui nguo, halioshi vyombo. Lina kazi gani kila jioni?"

"Naloweka miguu. Naumwa visigino."

"Visigino gani hivyo, mbona kanga imelowa makalioni?"

Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Miaka ikaenda. Kulikuwa na kinyama kilichotoka kila nilipojisaidia na kurudi chenyewe ndani. Kikaacha kurudi chenyewe. Nikawa nakirudisha kwa kidole, nimechuchumaa, nimeuma meno. Nikaacha kukaa mbele za watu. Kwenye harusi nilijifanya wa kupokea wageni mlangoni. Baada ya swala, wenzangu wakibaki wamekaa wakiomba dua, mimi nilikuwa wa kwanza kuinuka, na mama mmoja pale msikitini akaniambia vijana wa siku hizi tunamkimbia Mungu. Hata nikiwa peke yangu chumbani nilikula nikizunguka, sahani mkononi, kutoka dirishani hadi mlangoni.

Na kulikuwa na jambo moja nililolisoma mara moja tu. Liliandikwa kwamba si kila damu inayotoka huko ni bawasiri, inaweza kuwa kitu kingine, kibaya zaidi, na hakuna anayeweza kujua bila daktari kukuangalia. Niliifunga simu. Nilikuwa tayari kuhoji dini, serikali na bei ya nyanya, kwa kuwa huko unaweza kuhoji maisha yako yote na usipate jibu. Swali hili lilikuwa na jibu, tena karibu, na sikulitaka.

Ndipo nikapata kazi. Ulikuwa mradi mdogo wa kilimo, na mkataba wa msimu mmoja unaoweza kuongezwa. Nilitakiwa kuwasaidia wakulima wa mitelemko iliyo juu ya Mkuyuni, upande wa kwenda Matombo, kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usiteremke na mvua. Shamba la bibi lilikuwa kali kuliko yote. Juu alikuwa na mdalasini na pilipili manga iliyopanda miti, katikati migomba, na chini, karibu na kijito, mahindi. Kila masika kipande cha shamba kilishuka kijitoni, na kila mwaka alipanda juu kidogo ya alipopanda mwaka uliopita.

Chombo chetu kiliitwa fremu. Ni fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi A, na uzi unaoning'inia kutoka juu ukiwa na jiwe. Unaitembeza fremu ukikata mteremko, mguu mmoja baada ya mwingine. Jiwe linapotulia katikati, unajua miguu yote miwili imesimama usawa mmoja, unapiga kigingi pale. Kwenye mstari wa vigingi ndipo tuta litakapopita. Ni kazi ya kutembea na kusimama. Ilinifaa.

Hakikunifaa kiti cha pikipiki. Barabara ile ina mawe, nami niliipanda nimesimama juu ya vikanyagio kutoka Mkuyuni hadi kwenye daraja la mbao, magoti yamekunjwa kidogo, kama mtu wa mashindano. Wala sikunywa maji. Kunywa maji kulimaanisha kuomba choo, na kuomba choo kulimaanisha kukaa huko muda mrefu wakati wenyeji wananisubiri, kisha kuacha damu kwenye sakafu ya watu. Kwa hiyo nilipanda mlima mkavu na kushuka mkavu, na kesho yake nililipa. Nilijua nalipa nini na kwa nini. Kilichonishinda kukielewa ni kifua, ambacho kilianza kunibana nikipanda. Nilikilaumu kilima.

Sasa, kule juu mgeni hupewa pa kukaa kabla ya kuulizwa chochote. Hata ukiwa umekuja kugombana, kwanza unakaa. Wanaosimama ni wachache. Mmoja ni yule aliyetumwa kuleta taarifa ya kifo, anaisema mlangoni na kuondoka kwenda nyumba inayofuata. Wengine, kwa watu wa kijiji kile, walikuwa wale waliowahi kufika zamani kuwaambia wa juu kabisa kwamba mashamba yao yameingia ndani ya mpaka wa vyanzo vya maji. Wale hawakukaa. Hawakunywa maji ya mtu. Walipiga bikoni, vile vinguzo vya mpaka, ardhini wakaenda zao, na baadaye waliokuwa na mashamba juu ya ule mstari wakaambiwa washuke.

Nami nikaja, sikai, sinywi, napiga vigingi.

Nilikuja kugundua kwamba kijiji kizima kiliniita Dada Bikoni. Hawakuniambia. Walinijibu salamu vizuri tu, wakasema mashamba yao yana siafu, au mume hayupo, au leo kuna sala ya jumuiya. Asubuhi moja nilikuta vigingi vyangu vyote vya shamba la bibi vimeng'olewa. Havikutupwa. Vilifungwa kwa kamba ya mgomba kama mzigo wa kuni na kuwekwa kando ya njia, ili nisipate tabu kuvibeba wakati wa kuondoka.

Msimamizi wangu mjini alinisikiliza kwenye simu mpaka mwisho. "Mvua zikianza na hakuna mstari hata shamba moja," akasema, "sina cha kukutetea nacho." Hakuwa mkali. Ilikuwa kweli tu. Na mimi niliwaza kazi, niliwaza kodi ya chumba, na niliwaza lile shamba la bibi likiteremka tena kijitoni kwa sababu ya makalio yangu. Haikuwa lugha ya kuandika kwenye ripoti.

Bibi aliitisha kikao nyumbani kwake. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume wachache kwenye gogo. Katikati ya uwanja waliweka kiti. Safari hii hakikuwa kigoda. Kilikuwa kiti cha kweli, chenye mgongo na mto wa kushonwa, kimeazimwa kwa katekista. Watu wote walikuwa wakikitazama. Nikaenda nikasimama nyuma yake, nikaushika mgongo wake kwa mikono miwili.

"Tunataka kujua vile vigingi ni vya nini," bibi akaanza.

Nikaeleza tena. Mpwa wake, mwanamume mwenye shati la kijani, alisubiri nimalize.

"Wale wa kwanza nao walisema ni mambo ya maji."

"Wale walikuwa wa mpaka, kaka. Mimi ni wa matuta."

"Wale nao hawakukaa."

"Kukaa kwangu na vigingi vina uhusiano gani?"

Niliuliza hivyo kwa kweli, kama mtu wa darasani. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akaguna. "Uhusiano upo. Anatuona wachafu huyu. Maji yetu hanywi, choo chetu hajawahi kuomba. Na hicho kiti cha watu amekishika utadhani amekuja kukinadi."

Wakacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Mimi nilikuwa nasikia kitu kingine. Nilisikia unyevu wa joto ukishuka, na masikioni mlio mwembamba kama wa mbu. Nikijilazimisha kukaa ningepiga ukelele mbele ya kijiji. Nikiendelea kusimama ningeanguka. Nikiondoka, ningekuwa nimekubali kwamba mimi ndiye yule waliyemdhani.

"Siwezi kukaa," nikasema. "Nina bawasiri. Natoka damu tangu niko chuo. Hata sasa natoka. Maji yenu sinywi kwa sababu naogopa kwenda chooni. Ndiyo hivyo."

Kuku alipita katikati yetu akidonoa. Yule mwanamume wa shati la kijani aligeuza uso kuuangalia mlima kana kwamba umemwita jina. Mwanamke wa mtoto mgongoni akashika mdomo. Bibi ndiye pekee aliyeendelea kunitazama.

"Kwani wewe kwenu wapi?" akauliza.

Nilidhani ananihurumia na kubadilisha mada. "Nimezaliwa kwenye kota za kiwanda cha sukari. Baba ni wa Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

Akapiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Mtani! Jamani, siku zote hizi tunamwogopa, kumbe mtani!"

Waluguru, wenyeji wa milima ile, na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana kwenye msiba wako, akakuchukulia kuku, akakuambia kitu ambacho mama yako mzazi hawezi kukuambia, nawe huruhusiwi kununa. Chuoni niliwahi kuandika kazi ndefu nikihoji kama jambo hilo bado lina maana yoyote kwa watu wenye simu. Nilipata alama nzuri.

"Ninyi Wanyamwezi," bibi akasema, sasa akiwahutubia wote, "mmebeba meno ya ndovu kutoka huko kwenu mpaka pwani, kichwani, kwa miguu, hamkulalamika. Huu mzigo wa nyuma nani amekutwika?"

Uwanja ukalipuka. Yule wa shati la kijani alicheka akiwa bado anautazama mlima, mabega yakimruka. Mimi pia nilicheka, na kucheka kuliniuma, na maumivu yakanichekesha zaidi.

"Si ninyi, bibi," nikamjibu. "Tulipita hapa na mizigo yetu tukiwa wazima. Waluguru mkatulisha ndizi mbichi bila mboga. Haya ndiyo matokeo."

"Ehee! Na bado mkaomba nyongeza!"

Alikwenda ndani akarudi na mkeka, akautandika mbele ya kile kiti cha katekista. "Haya, mtani. Nani amekuambia lazima ukae? Lala ubavu, tuongee."

Nikalala. Mbele ya kikao cha kijiji, afisa wa mradi alilala ubavu kwenye mkeka, mkono chini ya kichwa, kanga ya kuazima imefunika miguu, na akafundisha matuta ya ngazi akiwa hivyo. Niliwaambia waisimamishe fremu karibu na uso wangu ili niwaonyeshe jiwe linavyotulia. Kutoka pale chini niliwaona watu wakiinama wote kuangalia uzi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa akiniangalia mimi.

Mambo ya vigingi yalipoisha, dawa zikaanza. Kila mmoja alikuwa nayo. Utomvu wa mshubiri. Majani ya mpera yaliyochemshwa, unakalia mvuke. Mwanamke wa mtoto mgongoni alisema yeye ilimtoka alipojifungua, akaacha kula pilipili, ikaondoka.

"Umejuaje kuwa ni pilipili?" nikamuuliza. "Pengine ingeondoka hata bila hivyo."

"Huyu naye!" akasema. "Amelala chini na bado anabisha."

Bibi akaingilia. "Na wewe umejuaje kuwa ni bawasiri? Daktari alikwambia?"

"Nimesoma."

"Umesoma makalio yako?"

Wakacheka tena, lakini yeye safari hii hakucheka. "Umeupima mlima mzima kwa hilo lidude lako, mwenyewe hujapimwa. Utakwenda hospitali. Nitashuka na wewe, maana nikikuacha uende peke yako utafika mlangoni uanze kumuuliza mlinzi maswali mpaka wafunge."

Vigingi vya wiki ile havikung'olewa. Wanawake waliichukua fremu wenyewe, wakawa wanaitembeza wawili wawili na kugombania nani ashike mguu wa juu.

Siku ya kliniki bibi alinisubiri Mkuyuni sokoni, amevaa kitenge chake cha Jumapili. Pikipiki aliikataa. "Wewe unaendesha umesimama, mimi nishike nini?" Tukapanda gari kwenda mjini. Hospitali kulikuwa na daktari bingwa aliyekuja kwa muda, na korido ndefu yenye mabenchi. Wagonjwa wengi walikaa. Mimi nilisimama, nikaenda mpaka mwisho wa korido, nikarudi, nikasoma mabango ya chanjo, nikayasoma tena. Bibi naye alisimama, ameegemea ukuta.

"Kaa, bibi. Utachoka."

"Nimekaa sana njiani," akasema, nami nikadhani ananidhihaki.

Daktari alikuwa kijana, si mkubwa kwangu sana. Aliuliza damu ni ya rangi gani, inadondoka au imechanganyika na choo, kama nimekonda bila sababu, kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuumwa utumbo.

"Kwa nini unauliza rangi?"

"Nyekundu mbichi mara nyingi inatoka karibu na mlango. Nyeusi inatoka mbali. Lakini sitaki kukisia. Panda hapa."

Ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Hilo nilishalizoea kwenye mkeka. Muuguzi alivuta pazia. Kulikuwa na kitu cha baridi, kidole, halafu kibomba kifupi chenye mwanga, na sauti ikiniambia nivute pumzi. Nilikaza macho kwenye ufa wa ukuta. Kisha muuguzi akasema, "Tayari, dada, vaa." Nilibaki nimelala. Nilikuwa bado najiandaa.

Ilikuwa bawasiri ya ndani, iliyofika hatua ya kutoka nje na kuhitaji kurudishwa kwa mkono. Hakuona kitu kingine. Damu yangu ilikuwa chini sana. "Kifua kinakubana ukipanda kilima?" akauliza, nikajua kilima nimekilaumu bure. Akanieleza kuhusu mpira. Ni kipete kidogo cha mpira kinachovalishwa kwenye shina la kile kinyama, kinakikosesha damu, kinanyauka na kudondoka chenyewe baada ya siku kadhaa. Vinyama vilikuwa zaidi ya kimoja, na havifungwi vyote kwa mara moja. Ningerudi. Nikipata homa, au nikishindwa kukojoa, au damu ikitoka nyingi, nisisubiri siku ya kliniki, nije.

"Na kikidondoka, imekwisha?" nikauliza.

"Hicho kimekwisha. Ukirudia uliyokuwa unafanya, vingine vitakuja."

Alikivalisha siku hiyo hiyo. Hakikuuma kama nilivyotarajia. Kiliniachia hisia ya kutaka kwenda haja isiyoisha, na nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyesahau kitu na hakumbuki alikisahau wapi.

Bibi hakuwepo koridoni. Nilizunguka nikimtafuta, nikauliza dirisha la dawa, nikarudi. Alitokea upande wa pili akikaza kanga kiunoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Kuna mkwe wa jirani yangu amelazwa, nimekwenda kumsalimia." Akanitazama. "Wamekufanya nini?"

"Kidole. Na kibomba."

"Inauma?"

"Inaaibisha kuliko inavyouma."

"Na wakikwambia urudi, ukirudi wanakufanya nini?"

Nikamweleza kuhusu mpira. Alisikiliza kwa makini sana, kisha akasema kumbe hata huko nyuma Mnyamwezi anafungwa mzigo kwa kamba. Tukacheka mpaka nje ya geti.

Nilirudi tena kwa mpira wa pili. Vidonge vya kuongeza damu vilifanya choo kiwe kigumu, kwa hiyo nikaanza kula papai kila asubuhi, ugali wa dona, mlenda, mchicha. Chupa ya maji ikawa ya kwanza kuingia mkobani. Nilipofika nyumba ya mtu mlimani niliamkia, kisha nikauliza choo kiko wapi, na hakuna aliyekufa. Simu niliiacha nje ya choo, jambo lililokuwa gumu kuliko mpira. Mama wa maandazi nilimwambia ukweli kuhusu beseni. Jioni ile ile akaniomba kuliazima.

Nisidanganye kwamba nimepona. Baada ya mfungo mmoja, nilipokuwa nikisahau kunywa maji usiku, ilirudi, nikarudi koridoni. Kuna wiki nakaa kama watu, na kuna wiki nasimama kwenye vikao na kusema wazi kwa nini. Matuta ya bibi yalichimbwa kabla ya mvua. Tuta moja lilipasuka na kumwaga udongo kwenye migomba, mengine yakashika. Mkataba wangu uliongezwa, kisha mradi wenyewe ukaisha, na mimi nikaondoka Morogoro kutafuta kazi nyingine, kisha nyingine. Sikai kazini pia, mama yangu anasema.

Bibi alinipigia simu mara kwa mara kunitukana. "Mzigo umeutua?"

"Nimetua nusu, bibi."

"Wavivu ninyi."

Kulikuwa na kipindi kirefu simu yake ilipokelewa na watu wengine. Waliniambia yuko Dar kwa mjukuu wake, amekwenda kusaidia kulea. Nikaona ni sawa. Aliporudi alinitukana kama kawaida, sauti imepungua kidogo, na nikadhani ni uzee.

Miaka kadhaa baadaye nilipanda tena kule, nimealikwa ubatizo wa kitukuu chake. Alikuwa amepungua mwili, lakini alikuwa akipika, akigombana na watu wa jikoni, akiniita mpagazi mbele ya padri. Wakati wa kuondoka, binti yake alinisindikiza mpaka kwenye daraja la mbao, na njiani akaniambia mambo aliyoambiwa yeye mwenyewe mwaka ule tu. Kwamba siku ile ya kliniki, nilipokuwa nyuma ya pazia, mama yake alimwendea muuguzi mwingine akaomba naye aangaliwe. Kwamba alikuwa akitoka damu tangu kabla sijafika kijijini, na hakumwambia mtu, hata yeye, mwanawe wa kike. Kwamba aliambiwa arudi, akarudi peke yake, na baadaye hospitali ikampa rufaa ya kwenda Dar kupasuliwa. Kwenda kulea kulikuwa kisingizio. Damu yake haikuwa bawasiri. Ulikuwa uvimbe kwenye utumbo, na ulikutwa ungali mdogo.